Mistborn: The Final Empire – uchawi unaolipiwa, njama ya ubaoni, mapenzi yaliyopunjwa

Majivu yanadondoka kutoka angani kama manyunyu. Watu wameinama shambani, na bwana shamba amesimama na mgeni wake akiwatazama. Mara mmoja kati ya wanaolima anainua uso, anamkazia macho yule bwana, kisha anatabasamu. Basi. Lakini kwa watu waliofundishwa kutazama chini kwa miaka elfu moja, tabasamu hilo ni tangazo la vita, na kufikia asubuhi jumba la bwana huyo limebaki magofu yanayofuka moshi. Ndivyo inavyofunguka riwaya hii ya Brandon Sanderson, iliyotolewa na Tor mwaka 2006.

Inauzwa kama fantasia ya kusisimua yenye uchawi, fitina na mahaba, na vyote vitatu vimo kweli, ila havikupimwa kwa kibaba kimoja. Uchawi wake ni wa daraja la juu. Fitina ni nzuri kwa sababu imejengwa juu ya uchawi huohuo. Mapenzi yamepewa kilichobaki. Anayekichukua kwa ajili ya mahaba peke yake atanung'unika. Anayependa kuona wezi wamekaa mezani wakipiga hesabu ya kupindua dola, ajiandae kukesha.

Kabla ya kununua, angalia jalada vizuri. Kitabu hikihiki kimetoka kwa majina mawili. Toleo la Marekani linaitwa Mistborn: The Final Empire, lile la Gollancz la Uingereza limeandikwa The Final Empire kwa herufi kubwa, na Mistborn limebaki kuwa jina la mfululizo. Wapo wanaojikuta na nakala mbili za kitabu kimoja wakidhani wamepata cha kwanza na cha pili. Kosa baya zaidi ni kuchukua The Alloy of Law (2011) kwa kuwa ni chembamba na nacho kimeandikwa Mistborn. Hicho kinatokea karne kadhaa baadaye, na kurasa zake za mwanzo tu zinataja mambo ambayo vitabu vitatu vya kwanza vimetoka jasho kuyaficha.

Dunia yenyewe inaelezeka haraka. Kuna dola moja, na inatawaliwa na mtu mmoja asiyekufa anayeitwa Lord Ruler. Jua ni jekundu, milima inatapika majivu, mimea ni ya kahawia, na usiku unatanda ukungu ambao watu wa kawaida wanauogopa kuliko simba. Tabaka la chini linaitwa skaa. Ni mali ya Lord Ruler, na wakuu wanakodishiwa kama unavyokodisha punda. Mji mkuu ni Luthadel. Mhusika mmoja hutembea na mchoro wa ua mfukoni, na wenzake wakiuona hawaelewi: kwa nini mmea uwe na rangi? Mchoro huo unaeleza ubovu wa ile dunia kuliko kurasa kumi za historia, na Sanderson ana akili ya kutoubainisha sana.

Sasa tuje kwenye metali, maana hapo ndipo kitabu kinapojitofautisha na vingine vingi vya aina yake.

Katika riwaya nyingi za kichawi, mchawi akibanwa hunyoosha mkono na jambo likatokea. Msomaji anabaki kujiuliza kwa nini hakufanya hivyo sura tatu zilizopita. Humu, mwenye kipaji humeza chembe za metali zilizowekwa kwenye kichupa chenye kileo, kisha huzichoma tumboni kama kuni. Kila metali inafanya kazi moja tu. Chembe zikiisha, nguvu imeisha. Mpiganaji akiwa katikati ya pambano halafu kichupa kikavunjika, ameumia. Ndiyo maana mapigano ya kitabu hiki yana taharuki ya kweli: msomaji naye anahesabu kilichobaki.

Metali za msingi ni nane, na wasomaji wengi huzichanganya mpaka katikati ya kitabu. Njia rahisi ya kuzishika ni kuzipanga mbili mbili: ya kwanza katika kila jozi ni metali safi, ya pili ni aloi yake, yaani metali hiyo ikichanganywa na kitu kingine. Metali safi huvuta, aloi husukuma. Chuma huvuta vitu vya metali vilivyo nje ya mwili, feleji huvisukuma. Bati hunoa macho, masikio na pua. Pyuta, ambayo ni bati lililochanganywa na risasi, huupa mwili nguvu na ustahimilivu. Zinki huchochea hisia za mtu mwingine. Shaba ya manjano, yaani zinki na shaba, huzituliza. Shaba nyekundu humficha anayechoma metali asigundulike. Shaba nyeusi, yaani shaba na bati, humgundua anayechoma. Juu ya hizo nane kuna dhahabu na atium, ambazo ni adimu na za ajabu zaidi. Jumla ni kumi, na kila mtu katika dola anaamini hakuna nyingine. Kelsier, yule aliyetabasamu shambani, anarudi mjini akidai amepata ya kumi na moja.

Wenye kipaji wengi wanaweza kuchoma metali moja tu, na hao huitwa Misting. Wachache sana wanaweza zote, na hao ndio Mistborn. Hakuna wa kati mwenye mbili au tatu. Sheria hii inaonekana ndogo lakini ndiyo inayomlazimu mwandishi kuunda genge: ukitaka mtuliza hisia, mfichaji na mwenye misuli, lazima uwe na watu watatu, na kila mmoja aje na tabia zake, deni lake na sababu zake za kuogopa.

Tazama kwa karibu jambo moja tu, sarafu. Mwenye kuchoma feleji huona mistari hafifu ya buluu ikitoka kifuani mwake kwenda kwenye kila kipande cha metali kilicho jirani. Anaangusha sarafu chini, kisha anaisukuma. Sarafu haina pa kwenda kwa kuwa imekutana na ardhi, basi anayekwenda ni yeye, juu, hadi msukumo uishe nguvu. Sarafu hiyohiyo akiirusha hewani na kuisukuma, inaruka kama risasi kwa sababu ni nyepesi kuliko yeye. Akiisukuma ikampata adui aliyeegemea ukuta, sasa pande zote mbili zina uzito, na msukumaji mwenyewe anaweza kurushwa nyuma. Hawezi kusukuma kwa mshazari wala kuzungusha kitu. Ni kutoka kwake moja kwa moja, au kuja kwake moja kwa moja. Ukiivuta mundu ya adui kwa chuma, jua inakuja kifuani kwako.

Kutokana na kanuni hiyo moja, dunia nzima imebadilika umbo, na hapa Sanderson anastahili sifa. Wapiganaji wa Mistborn hawavai mikufu wala vifungo vya metali, na majambia yao ni ya jiwe la kioo cha volkeno. Matajiri huajiri askari maalumu wasiobeba metali hata kidogo, wenye ngao na marungu ya mbao, kwa kazi ya kupambana na watu wa aina hiyo. Kuvaa vito kunakuwa majigambo: ni kusema sina wa kumwogopa. Haya yote hayahubiriwi. Yanaonekana tu mtu anapoingia chumbani.

Na kila nguvu ina adhabu yake. Mwenye kuchoma bati husikia nong'ono ukuta wa pili, lakini mlio mmoja wa ghafla au mwali wa taa unamlevya. Mwenye pyuta anaweza kukimbia saa nyingi bila kupumzika, ila mwili unaandika deni. Pyuta ikikatika kabla hajafika, deni lote linadaiwa kwa mpigo na linaweza kumuua. Aloi ikichanganywa vibaya, mchomaji anaugua. Metali zisizochomwa zikibaki tumboni usiku kucha zinadhuru, kwa hiyo mafunzo ya kwanza kabisa ni kuziteketeza zote kabla ya kulala. Atium, ambayo thamani yake inaendesha siasa za nchi nzima, humwonyesha mchomaji kile adui atakachofanya sekunde chache zijazo. Haishindiki. Isipokuwa adui naye awe nayo, hapo zinafutana, na mnarudi kupigana kama binadamu mliochoka.

Upo uchawi wa pili, wa watu wa Terris, unaoletwa na Sazed, mtumishi mpole anayejua dini nyingi zilizokufa na anayejaribu kila mara kumpa mtu mojawapo kama fundi anayepimisha viatu. Wake ni wa akiba: anakuwa mnyonge leo ili awe na nguvu kesho, anapunguza uzito wake kwa saa kadhaa ili baadaye awe mzito. Anachotoa ni kile alichoweka, hakuna riba. Sura zake zinasomeka kama mapumziko, na watu huzipitia mbiombio. Wanakosea.

Kwenye fitina, riwaya inachukua umbo la wizi mkubwa. Kelsier anakusanya genge, anasimama mbele ya ubao, na Dockson, mpangaji asiye na uchawi hata chembe, anaandika yanayohitajika. Jeshi la watu elfu kumi. Namna ya kuiondoa mjini ngome ya askari wa dola. Vita kati ya nyumba za wakuu ili wasiungane. Hazina ya atium. Kila kazi inapewa mwenyewe, na kuanzia hapo msomaji anafuatilia mistari minne inayokwenda kwa kasi tofauti. Mpango unaanza kuharibika mapema, na unaharibika kwa sababu zinazoeleweka: mtu fulani alifanikiwa kupita kiasi, mwingine alijiamini kupita kiasi. Hakuna bahati mbaya inayodondoka kutoka mbinguni ili kumsaidia mwandishi.

Kipande ninachokiona bora katika upande huu hakina jambia wala sarafu. Ni wale makarani wa dini wa dola, waliochorwa chale za wino kuzunguka macho. Hakuna mkataba wala ndoa ya wakuu inayohesabika bila mmoja wao kushuhudia, na kila ushahidi una ada. Mojawapo ya matukio ya mwanzo ya Vin, msichana wa mitaani ambaye ndiye moyo wa kitabu, linatokea ndani ya ofisi yao: bosi wake anajifanya mkuu aliyefilisika anayetafuta mkataba wa usafirishaji, na Vin amekaa pembeni akimtuliza karani kwa kipaji asichokijua jina, yeye anakiita bahati. Anakitumia kidogo kidogo, kama mtu anayekula akiba ya mwisho. Katika ofisi hiyo moja umeoneshwa uchumi wa nchi, dini yake, hofu yake, na uchawi, na wala hujaambiwa kwamba unafundishwa.

Vin amelelewa na kaka aliyemfundisha kwamba kila mtu atakusaliti. Sasa anaingizwa kwenye genge ambalo watu wanataniana, wanaachiana fedha mezani na kugeuza migongo. Swali la nani kikulacho ki nguoni mwetu linabaki hewani muda wote, na linafanya kazi kwa kuwa msomaji anaona genge kwa macho ya msichana ambaye hajui imani inafananaje. Kuna Ham, mwenye misuli ya pyuta na penzi la mijadala ya falsafa isiyoisha. Breeze, mtuliza hisia anayekufanya umletee kinywaji na kushukuru kwa kupewa kazi. Clubs, seremala mzee mwenye kuchechemea na ulimi wa pilipili. Na Spook, mpwa wake, anayezungumza lahaja ya mtaani ambayo hata wenzake hawaielewi. Msomaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza asihangaike na maneno ya Spook. Hayakukusudiwa kueleweka, na hakuna siri ya msuko iliyofichwa mle katika kitabu hiki.

Mapenzi yanaanzia Sehemu ya Pili. Genge linahitaji jasusi kwenye dansi za wakuu, na Vin anavishwa gauni, anafundishwa kula na kuinama, na kupewa jina la Valette, binti wa nyumba ndogo kutoka mashambani. Katika dansi ya kwanza anajitenga kwenye roshani ya ndani. Anatokea kijana, anamwambia kwa namna yake kwamba amekaa kwenye kiti chake, kisha anaketi na kufungua kitabu. Anasoma. Kwenye dansi. Huyu ni Elend, mrithi wa nyumba ya Venture, nyumba yenye nguvu kuliko zote na ambayo genge linataka kuibomoa.

Tukio hilo limekaa vizuri: lina ucheshi, lina hatari chini yake, na linatueleza kwamba kijana huyu anatumia ufidhuli kama wengine wanavyotumia ngao. Tatizo ni kinachofuata. Ukihesabu kurasa ambazo Vin na Elend wako pamoja, ni chache mno kwa uzito ambao msuko unakuja kuzitwika. Mara nyingi tunapata dansi moja, mazungumzo ya nusu utani, kisha wiki kadhaa zinarukwa, na tukirudi hisia zimeshakua gizani. Vin anabadilika ndani kwa sababu zinazoonekana: anaanza kupenda gauni, na kuchukia kwamba analipenda. Upande wa Elend tunaambiwa zaidi kuliko tunavyooneshwa. Kwa nini amchague huyu kati ya wote? Jibu la kitabu ni kwamba hafanani na wengine, na hilo ndilo jibu la kila kitabu.

Linaloyaokoa mahaba haya ni uongo. Valette si Valette, na kila neno tamu analolipata Vin linamfikia mtu ambaye hayupo. Kila habari anayoipeleka kwa genge inamsogeza Elend karibu na kisu. Kwa hiyo hata pale penzi lenyewe linapolegea, fitina iliyolizunguka imekaza, na msomaji anageuza ukurasa kwa sababu hiyo. Waliozoea riwaya za mahaba ambazo chumba cha kulala kina sura yake, hapa hakuna. Ni macho, mikono na maneno.

Kasoro nyingine zinajulikana kwa yeyote aliyekisoma zaidi ya mara moja. Genge limejaa wanaume. Mbali na Vin karibu hakuna mwanamke mwenye kazi ya maana, jambo ambalo Sanderson mwenyewe amelikiri baadaye na kulijutia. Sauti ya kaka yake Vin kichwani inarudiwa kupita kiasi. Tumeelewa kwamba watu husaliti, tuendelee. Maelezo ya kusukuma na kuvuta nayo yanajirudia katika theluthi ya kwanza, kana kwamba mwandishi hana uhakika kama tulikuwa makini. Lugha yake ni ya kazi, kama meza ya mbao isiyopakwa rangi. Usitafute sentensi ya kuandika ukutani. Watu wanainua nyusi mno humu. Kwa mtu anayejifunza Kiingereza, hata hivyo, unyoofu huo na ule urudiaji ni nafuu kubwa, na riwaya chache za kurasa zaidi ya 500 zinapitika kwa msamiati mwepesi kiasi hiki.

Wengi wanaoachia njiani huachia ndani ya kurasa mia za kwanza. Sababu ni moja: kitabu kina sehemu tano, na Sehemu ya Kwanza imebeba utangulizi wa Kelsier, maisha ya Vin, na ule mkutano mrefu wa ubao, kabla ya uchawi kuoneshwa kikamilifu. Kipimo cha haki ni mafunzo ya kwanza ya usiku, Kelsier anapompeleka Vin nje kwenye ukungu na kumwachia sarafu. Ukimaliza sura hiyo na moyo haujakwenda mbio hata kidogo, kiweke chini bila lawama, maana kilichobaki ni zaidi ya hichohicho.

Usiruke maandishi mafupi yaliyo juu ya kila sura. Ni vipande vya shajara ya mtu aliyeishi kabla ya dola, aliyetabiriwa kuokoa dunia na asiye na hakika kama anastahili. Mwanzoni yanaonekana kama mapambo. Sivyo. Kwa sura nyingi za mwanzo, wahusika wenyewe hawana shajara hiyo, wewe unayo. Wakianza kuijadili, utakuwa umewatangulia au umeachwa nyuma, kutegemea ulisoma au uliruka. Siri kubwa ya mwisho inaweza kuteguliwa na msomaji makini kwa kutumia vitu vitatu tu vilivyowekwa hadharani: shajara, kanuni za metali, na akiba ya Sazed. Nakala nyingi zina jedwali la metali nyuma; weka alama ukurasa huo, lakini usivinjari kurasa za mashabiki mtandaoni kutafuta jina la mhusika. Huko wanamwaga mchele kwenye kuku wengi, na mstari wa kwanza tu chini ya jina la Kelsier unatosha kukuharibia uhondo.

Kwa wanaosikiliza badala ya kusoma, toleo la sauti lililosomwa na Michael Kramer lina zaidi ya saa 24. Anasoma vizuri, kwa utulivu, na sauti yake kwa Breeze inachekesha. Ugumu ni wa majina: skaa, Luthadel, Hathsin na Kredik Shaw vikipita masikioni bila kuonekana, ni rahisi kupotea, na vipande vya shajara vinaingia na kutoka kabla hujajua nani anaongea. Ukichagua sauti, pata angalau orodha ya metali kwenye karatasi. Nakala ya kielektroniki inafaa zaidi kwa usomaji wa kwanza, kwa kuwa unaweza kutafuta jina na kuona lilipotajwa mara ya kwanza bila kutoka nje ya kitabu.

Kuhusu umri, kijana wa miaka 13 au 14 anaweza kukisoma, ila mzazi ajue mambo mawili. Sheria ya nchi ile inamruhusu mkuu kumchukua mwanamke wa skaa mradi amuue baadaye asije akazaa mtoto mwenye kipaji. Ubakaji hauoneshwi, lakini unatajwa wazi tangu utangulizi na kivuli chake hakiondoki. Pia watu wananyongwa na kukatwa vichwa uwanjani mbele ya umati, na mwandishi hafumbi macho. Matusi ya kweli ni haba, kwa kuwa watu wa huko huapa kwa jina la Lord Ruler.

Mwisho wake umefungwa. Hili linafaa kusemwa, maana fantasia nyingi za mfululizo humwacha msomaji akining'inia juu ya shimo. Ukiishia hapa, umepata hadithi nzima yenye kichwa na miguu, pamoja na maswali machache kuhusu ukungu na majivu ambayo vitabu vya 2007 na 2008 vinayajibu. Cha pili, The Well of Ascension, ni kizito na cha polepole: mji umezingirwa, na watu waliojua kubomoa sasa wanatakiwa kujua kutawala. Mapenzi yaliyopunjwa kwenye cha kwanza yanapata nafasi zaidi huko, ingawa si kila mtu atapenda yanavyotumika. Cha tatu, The Hero of Ages, kinakusanya madeni yote, hata ambayo hukujua uliandikiwa. Kile kijitabu cha 2016 kinachoitwa Mistborn: Secret History usikiguse kabla ya kumaliza cha tatu, hata ukikipata bure.

Na ukimaliza cha kwanza na kutaka kujua kwa nini sura fulani iliandikwa vile, Sanderson ameweka kwenye tovuti yake maelezo ya sura kwa sura, bila malipo. Anaeleza alichokata, alichoogopa, na mahali alipopanda mbegu. Yasome ya kitabu hiki baada ya kukifunga, kisha rudi kwenye ile ofisi ya makarani uone ni mangapi yalikuwa mezani tangu mwanzo.